Siku moja ya kazi: kuunganisha tangi la samaki la lita 460 sebuleni

Tangi la leo lina urefu wa sentimita 150, upana 60 na kimo 60. Linakaa sebuleni, nyumba ya chini, Dar es Salaam, na wenyewe wanataka kufuga samaki wa Ziwa Tanganyika. Kioo ni cha milimita 12, cha kawaida, si cha tempa (kile kilichokazwa kwa joto).

Watu wengi huchagua unene wa kioo kwa kuangalia urefu wa tangi. Cha kuangalia kwanza ni kimo, kwa sababu presha ya maji inatokana na kina peke yake. Urefu nao una kazi yake: kioo kirefu hupinda zaidi katikati, ndiyo maana tangi la mita moja na nusu linafungwa mikanda ya kioo juu. Hapa maji yakifika sentimita 55, kioo cha mbele kitasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 220, na kitovu cha nguvu hiyo kiko theluthi moja kutoka chini. Kwa hiyo mshono wa chini ndio unaobeba kazi kubwa, usiku na mchana, kwa miaka.

Vioo vilikatwa duka la vioo mapema, kingo zote zikasagwa. Vipimo kwa milimita: kitako kimoja 1500 × 600, mbele na nyuma 1500 × 586, mbavu mbili za pembeni 572 × 586, mikanda miwili ya juu 1470 × 60, daraja moja la katikati, la kuunganisha mikanda hiyo, 570 × 150. Kuta zinasimama juu ya kitako, na mbavu zinaingia kati ya mbele na nyuma. Kila mshono umeachiwa milimita 2 za silikoni, gundi ya kuunganishia vioo. Ukisahau milimita hizo unapoagiza, mbavu hazitaingia.

Saa 12:00 asubuhi

Tunaanza na stendi. Ni ya skwea paipu la 50 × 50, miguu sita, na kila mguu umechomelewa bamba la sentimita 10 kwa 10 chini. Maji, kioo, mawe na mchanga vitapita kilo 600 kwa pamoja, na tailizi yenye uwazi chini yake itapasuka ikikandamizwa na ncha ya bomba. Tunagonga kila tailizi chini ya miguu na kusikiliza: ikitoa sauti ya debe, stendi inasogezwa au tailizi inang'olewa na kujazwa zege. Kwa ghorofani ningemwita mhandisi kwanza. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, na tangi hili linaweka karibu kilo 700 kwenye kila mita ya mraba.

Pimamaji inapita pande nne na kwenye pembe zote mbili za mshazari. Tofauti ya milimita 2 toka ncha hadi ncha inavumilika. Zaidi ya hapo tunaweka bati jembamba chini ya mguu. Hatuweki kitu chochote cha kusawazisha chini ya kioo chenyewe. Juu ya fremu inalazwa plaiwudi ya milimita 18, kisha stairofomu ngumu ya milimita 20. Chembe moja ya kokoto ikibaki kati ya stairofomu na kitako inatosha kupasua kioo siku maji yakijaa, kwa hiyo tunapangusa kwa kiganja, si kwa ufagio.

Tangi tunaliunganisha hapo hapo juu ya stendi yake. Likiisha litakuwa na kilo 108, na kulibeba kunataka watu wanne na mlango usio na kona ya korido.

Saa 1:00 asubuhi

Ukaguzi wa vioo. Mbele na nyuma vinasimamishwa bega kwa bega ili kuona kama vinalingana, kisha mbavu mbili vilevile. Tofauti ikizidi milimita 1, kioo kinarudi dukani. Halafu tunapitisha kidole chenye glavu kwenye kila ukingo. Ukingo uliomeguka kidogo kama ganda tunausugua kwa msasa wa maji namba 220, huku tukiulowesha. Ukiona ufa, hata wa nusu sentimita, hicho kioo usikitumie kwenye tangi. Ufa huanzia ukingoni na huendelea kila maji yanapoongezwa au kupunguzwa.

Mashimo ya bomba, kama yapo, yanatobolewa kabla ya siku hii, kwa keekee yenye almasi, spidi ndogo, maji yakimiminika muda wote. Kioo cha tempa hakitoboleki wala kukatika: ukikigusa kwa keekee kinamwagika chote.

Saa 2:00 asubuhi

Tunasimamisha tangi zima bila silikoni. Hapa ndipo wenye haraka huruka, nami nalihesabu kuwa jambo la lazima. Kitako kinalazwa, nyuma inasimama, mbavu zinafuata, mbele inafunga, na mikanda ya tepu ya plastiki inashika kona kwa nje. Nafasi ya milimita 2 tunaiweka kwa vile vimisalaba vya plastiki vya mafundi tailizi, vitatu kwa upande mrefu na viwili kwa mfupi, vikichungulia nje ili kesho vivutwe kwa koleo. Bila hivyo, kioo cha kilo 26 kitaikamua silikoni yote itoke na kuacha utando mwembamba usionyumbuka.

Kila kioo kinaandikwa namba kwa marka, juu kwa nje, pamoja na mshale wa upande unaotazama juu. Kisha masking tepu inabandikwa ndani, milimita 10 kutoka kila kona, juu na chini ya mahali mshono utakapopita. Tunavibomoa vyote na kuviweka kando kwa mpangilio wa kupandishwa.

Saa 3:15 asubuhi

Usafi. Silikoni hushika kwa nguvu sana kioo kilicho kisafi, na haishiki kabisa mafuta ya vidole. Tunapangusa kingo na ule upana wa milimita 10 kwa asetoni na kitambaa cheupe cha pamba kisichotoa nyuzi, tukibadilisha upande wa kitambaa kila mara. Kila sehemu inapanguswa mara mbili. Spiriti ya rangi, ile ya kuwashia jiko, huacha masalia, tusiitumie. Baada ya hapo hakuna anayegusa ukingo bila glavu mpya. Feni inazimwa kwa sababu ya vumbi, lakini madirisha yanabaki wazi: asetoni inashika moto upesi, na mvuke wa silikoni unawasha macho.

Saa 4:00 asubuhi

Silikoni yenyewe lazima iwe silikoni tupu, aina inayonuka siki, isiyo na dawa ya ukungu. Ile ya bafuni ina dawa hiyo, na huua samaki polepole. Kwa tangi hili katriji (mirija ya silikoni) tatu zinatosha, ya nne inakaa tayari, kwa sababu kuishiwa katikati ya mshono ni kuharibu kazi nzima.

Tuko watatu: wawili wa kioo, mmoja wa bunduki ya kusukumia silikoni. Kwa joto na unyevu wa Dar, silikoni huanza kujifunga ngozi ndani ya dakika kumi hivi, na silikoni mbichi haishikani vizuri na iliyokwisha kukauka. Kwa sababu hiyo kuta zote nne zinapanda katika mzunguko mmoja, na kazi hii haiachiwi jua la saa saba.

Ncha ya katriji inakatwa kwa mshazari itoe uzi wa milimita 7 hadi 8. Uzi unapita kuzunguka kitako, milimita 6 kutoka ukingoni, bila kukatika, vimisalaba vikiwa mahali pake. Nyuma inashushwa wima na kukandamizwa hadi silikoni itoke pande zote mbili. Haiburuzwi hata kidogo, maana kuburuza huingiza hewa. Mbavu zinapakwa kwenye kingo zake mbili za wima na kusimamishwa, mbele inafuata, tepu inafunga kona kwa nje katika vimo vitatu. Dakika nane mpaka kumi, si zaidi.

Hapo hapo mmoja anachungulia mishono kupitia kioo. Kiputo kimoja cha ukubwa wa kichwa cha pini, kilichozungukwa na silikoni, hakina neno. Mapovu yaliyounganika toka ndani hadi nje ni njia ya maji. Kioo kinakandamizwa tena sasa hivi, kabla ngozi haijafunga.

Saa 4:15 asubuhi

Mshono wa ndani. Uzi wa pili unapita kona zote, za chini kwanza kisha za wima, na unalainishwa kwa kidole chenye glavu kwa mvuto mmoja. Ukirudia rudia unaacha mabonde. Masking tepu inavutwa mara moja, kwa mshazari, silikoni ikiwa bado mbichi. Ikicheleweshwa itang'oa ngozi na kuacha ukingo wenye meno.

Kisha vipimo vya mwisho. Futi inapita juu toka kona hadi kona: mishazari yote miwili isome karibu milimita 1615 na ilingane. Ikitofautiana kwa milimita 3, tunasukuma kona taratibu. Baada ya saa 4:30 hakuna tena kusukuma.

Saa 5:00 hadi saa 10:00

Tangi haliguswi, na kazi inahamia uani. Mchanga kilo 40, unaotoa tabaka la sentimita 3, unaoshwa ndoo kwa ndoo mpaka maji yatoke meupe. Mawe yanadondoshewa siki: yakitoa povu yana chokaa. Kwa samaki wa Amazon hayo yangekataliwa, lakini maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya juu, kati ya 8.6 na 9.2, kwa hiyo chokaa, inayopandisha pH, ni msaada. Mawe makubwa yatakaa juu ya karatasi ngumu ya plastiki kwenye kitako, kabla ya mchanga kumwagwa, kwa sababu samaki wengi wa ziwa hilo huchimba, na jiwe lililokalia mchanga siku moja litaporomoka kwenye kioo.

Saa 11:00 jioni

Mishono inaguswa mahali pamoja tu, nje. Haina ulaini wa kunata, lakini ndani bado ni mbichi: silikoni hukauka milimita 2 au 3 kwa siku. Tepu za kona zinabaki. Mlango unafungwa, watoto na paka wakae mbali.

Kesho vimisalaba vinavutwa na vitundu vyake kujazwa, kisha mikanda ya juu inagundishwa milimita 25 chini ya ukingo, ikiegemezwa kwa vijiti hadi ikauke, na siku inayofuata daraja linalala juu yake. Silikoni iliyomwagika nje inakatwa kwa wembe baada ya siku mbili.

Maji hayaingii kabla ya siku 14. Watu hutaja 7, na kwa kioo chembamba zinatosha, lakini mshono wa milimita 12 unahitaji zaidi. Siku hiyo tunajaza theluthi, tunasubiri saa mbili. Theluthi ya pili, tunasubiri tena. Kisha linajaa na kukaa siku mbili juu ya magazeti makavu, ambayo huonyesha tone mapema kuliko jicho. Rula iliyonyooka inawekwa katikati ya kioo cha mbele: kupinda milimita 1 au 2 ni kawaida. Kukiongezeka usiku kucha, maji yanatolewa. Na kama mshono unavuja, kupaka silikoni juu yake hakusaidii. Mshono wa ndani unakatwa wote kwa wembe, kona zote, kioo kinasafishwa kwa asetoni, na unapakwa upya kwa siku moja.