Mstari wa Kulia Kwenda Kushoto

Juzi binti yangu alikuwa kibarazani na laptopu mapajani, ati anaandika insha. Mimi napita na sinia la mchele wa kuchagua. Nikamwona ameweka vidole vitatu pale pa kugusia, akavisogeza upande mmoja, katuni ikaondoka, insha ikaja. Alikuwa ameshanisikia nakuja. Uso wake ulikuwa wa mtu anayewaza sana.

Nikacheka.

"Mama, kwani wajua?"

Nikamwambia mimi mambo hayo nikiyafanya kabla hajazaliwa, tena kwa mausi ya mpira, kwa kuchora. Hakuamini. Kwanza hilo la mausi kuwa na mpira alidhani namfanyia mzaha. Basi nikaweka sinia chini.

Ilikuwa 2007, Mombasa, ile ofisi ya wakala wa forodha ya ngazi za mbao, mwenyewe Mzee yu hai. Mfumo wa Simba wa forodha ulikuwa umeanza 2005, kwa hivyo makaratasi ya kutoa mizigo bandarini mengi yalikuwa yamehamia kwenye kompyuta. Si kwamba tuliacha kukimbia. Tulikimbia vilevile, halafu tukirudi tukakaa kungoja. Nyaya za intaneti za baharini zilikuwa bado. Zilikuja 2009, TEAMS kutoka Fujairah, na SEACOM nayo mwaka huohuo. Kabla ya hapo intaneti ilikuwa ya setilaiti, ipande juu mbinguni ndipo ishuke, na ukishatuma entri, yaani maelezo ya mzigo kwa forodha, ulikuwa na wakati wa kuteremka hadi kwa muuza kahawa, unywe, ule na kashata, urudi, ukurasa uukute mweupe kama ulivyouacha.

Mtu hawezi kutazama weupe kutwa. Ndipo nikazoea kufungua madirisha manne: Simba, hesabu za Excel, orodha ya meli zinazotarajiwa, na la nne nitalitaja.

Wenzangu wakihama dirisha kwa Alt na Tab. Mimi vitufe hivyo sikuwa navyo. Kikombe cha chai ya mkandaa, chenye sukari kama tunavyoipenda sisi, kilikuwa kimemwagikia pembe ya kushoto ya kibodi, na vitufe vya pale vikaganda kabisa. Nilimwambia Mzee. Akaja, akabonyeza M, ikaandika. Akabonyeza N, ikaandika. "Mbona yaandika?" Mambo ya kibodi yakaishia hapo.

Aliyenisitiri ni kijana wa saiba ya ghorofa ya chini. Yeye alikuwa mpenzi wa Opera, ile programu ya Wanorwe ya kufungulia intaneti, ambayo tangu 2001 ilikuwa ikielewa ishara za mausi: shika kitufe cha kulia, vuta kushoto, achia, unarudi ukurasa wa nyuma. Akapanda siku moja na flash diski, akaniwekea programu iitwayo StrokeIt, ambayo jambo hilo inalifanya katika kompyuta nzima. Unashika kitufe cha kulia, unachora, mstari unauona kwenye kioo, ukiachia inatambua ulichochora na kufanya ulichoiagiza. Yangu aliitengeneza hivi: mstari wa kushoto kwenda kulia, dirisha linalofuata, wa kulia kwenda kushoto, lililotangulia. Yakizunguka kama tasbihi, ukifika mwisho waanza upya.

Umbo la mstari ni moja, mwadhani ni kitu kimoja. Kumbe kwa programu, ulikoanzia ndiko kwenye maana.

Adui alikuwa ule mpira. Madirisha yetu, ya ukutani nasema sasa, yalikuwa wazi mchana kutwa juu ya Moi Avenue, ambayo Mzee hadi mwisho aliiita Kilindini Road, na vumbi lote la barabara lilikuja kujiviringa kwenye vigurudumu vidogo vya ndani ya mausi. Kila Jumatatu niliupindua, nikatoa mpira, nikakwangua vile vigurudumu kwa ukucha. Jumatatu ya tarehe 12 Machi sikukwangua. Nilikuwa na shughuli. Nilikuwa naandika barua.

Ndilo hilo dirisha la nne. Barua ya kuomba kazi kwa wakala mwingine wa forodha, barabara ileile, mwendo wa dakika tano. Nilikuwa nimeihifadhi kwa jina "Bei za mchele".

Kwa kawaida makubadhi ya Mzee yalinipa habari tangu ngazi ya kwanza. Jumanne ile chini kulikuwa na lori limekwama, nyuma yake honi tupu. Nilichotambua kwanza ni harufu ya udi begani kwangu.

Nikashika kitufe, nikavuta. Mshale ukatembea kidogo ukakwama. Nikaachia, ikafunguka ile orodha ya kubonyeza kulia, imeninyookea katikati ya barua. Nikaifuta. Nikavuta tena, ukakwama tena. Mara ya tatu nikausugua mezani kama mtu anayefua, na barua ikaondoka, ikaja Simba.

"Nini hiyo?"

"Ni Simba, Mzee."

"Simba naijua. Nauliza huo mstari."

Nikamweleza. Nilizungumza haraka, nikizungumzia kibodi, chai, kijana wa saiba, yote. Yeye alikuwa anakitazama kioo tu.

"Kombe hili," akasema.

Wasiokuwa wa pwani: kombe ni aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. "Waandika, kisha mambo yageuka," Mzee akasema, na mimi nikacheka kuliko ilivyohitajika.

"Hebu chora tena."

Nikachora. Excel.

"Tena."

Meli.

"Tena."

Sasa linalofuata hapo mwalijua. Nikachora kwa kurudi, Excel ikaja, nikachora kwa kurudi, Simba ikaja, nikainua mkono kama aliyemaliza onyesho. "Ni hivyo tu, Mzee."

"Nipishe nami."

Nikampisha. Mzee alikuwa mtu mrefu, kile kiti changu akakikalia kama amekalia ndoo. Mkono wake, wenye pete ya akiki, ukaufunika mausi wote. Nikamwonyesha kitufe cha kulia, nikamwambia ashike asiachie, achore mstari. Upande wa kuanzia sikumwambia. Nani humwambia mtu mzima mstari unaanzia wapi?

Lakini Mzee kalamu aliijulia chuo cha Kurani. Daftari lake la madeni, lile la jalada jekundu, lilikuwa la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na hakuna aliyeweza kumkagua isipokuwa yeye na Mola wake. Akavuta mstari mmoja, mrefu, umenyooka vizuri. Mausi ambao kwangu umekataa mara mbili, kwake haukukwama hata nukta. Akavuta kutoka kulia kwenda kushoto.

Simba ikaondoka, barua ikaja.

Akateremsha miwani kutoka kwenye paji la uso. Chini lori lilikuwa bado limekwama. Nakumbuka pangaboi lilikuwa na panga moja lililopinda, likipita linagonga kitu, tak, tak, na mimi nikawa nahesabu. Sijui nilifika ngapi.

"Hii nayo?"

"Barua, Mzee."

"Naona ni barua."

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Na hapa ndipo pananitatiza hadi leo, kwa sababu barua za Kiingereza zilizokuja ofisini Mzee alikuwa akinipa mimi, "nisomee, macho haya," na sikuwahi kujua kama ni macho au ni Kiingereza. Haikuwa adabu kuuliza. Hapo alikuwa na miwani, na kioo ki mbele yake.

Akavuta tena, kulia kwenda kushoto. Meli. Tena. Excel. Tena. Simba. Tena, na barua ikaja mara ya pili, na hapo akapumzika, mkono juu ya mausi.

"Yazunguka," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

Akainuka. Akauliza habari za kontena la mchele, kama ushuru umeshalipwa, nikajibu, na ninavyokumbuka nilijibu sawasawa. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na leo ni tarehe kumi na tatu. Hapo umeandika kumi na mbili."

Makubadhi yakateremka ngazi.

Nikairukia barua: 12 Machi. Basi nimekwisha, nikasema. Halafu, nikitetemeka, nikafungua Simba kuitazama entri ya mchele niliyoianza jana yake nikaiacha katikati. 12 Machi. Nambari ni nambari, kila mtu huzisoma.

Yaliyofuata ni mafupi. Baada ya kama wiki mbili nilikuta mezani kibodi mpya ndani ya boksi lake. Hakusema neno, nami nikashukuru kwa jumla bila kutaja ninashukuru nini. Tarehe ya barua niliibadilisha kuwa 13, kisha 14, kisha nikaacha kuibadilisha. Niliondoka ofisi ile mwaka uliofuata kwa sababu ya ndoa, si ya barua. Hadi siku zile za mwisho Mzee akipanda na moyo wake mkunjufu alikuwa akisema, "Hebu tuchore kombe," anakaa kwenye kiti changu, anavuta mstari wake wa kulia kwenda kushoto, na mimi nilikuwa nimejifunza kutoacha kitu nyuma ya Simba. Mungu amrehemu.

Binti yangu alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si la kawaida.

"Kwa hivyo aliisoma au hakuisoma?"

"Sijui, mwanangu."

Akafikiri kidogo. "Sasa Mama, alipokwambia uchore mara ya kwanza, pale pale, kwa nini hukuifunga tu?"

Kuifunga. Miaka yote hii halijanipitikia. Nikaokota sinia langu, nikarudi kwenye mchele.