Siku moja maishani mwangu: kukitafutia jina kigoga cha mwambani, Moshi

Saa 1 asubuhi. Mezani kuna bahasha za karatasi zenye vigoga (moss, mimea midogo isiyo na maua), zilizoshushwa kutoka kwenye miamba ya lava jirani na Horombo, kambi ya wapanda mlima Kilimanjaro, mita 3,720. Kwanza nasoma maelezo: urefu kutoka usawa wa bahari, aina ya jiwe, upande linakotazama, jua au kivuli, namba ya kibali (ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro huchukui hata kipande bila kibali). Maandishi yawe ya penseli, maana wino huchuruzika karatasi ikilowa. Kilichokuja ndani ya mfuko wa nailoni mara nyingi kimeshaota ukungu.

Saa 2. Lenzi ya mkono ya ×20, kigoga kikiwa bado kikavu. Namna majani yanavyojikunja ni alama, nayo hupotea yakishalowa. Kishungi kimoja mara nyingi kina spishi mbili, kwa hiyo kila moja hupata bahasha yake. Weusi wenye wekundu, na kapsuli (kifuko cha chembe za uzazi) isiyo na kifuniko inayopasuka kwa nyufa nne, ni jenasi ya Andreaea. Vishungi vya kijivu vyenye unywele mweupe kwenye ncha za majani ndivyo vinavyokula siku: Grimmia au Schistidium, jenasi mbili zinazofanana?

Saa 3. Shina moja kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo. Majani yanavutwa kwa kibano kuelekea chini ili yang'oke na vitako vyake, kwani seli za kitakoni zinahitajika. Chukua majani ya katikati ya shina. Ya kileleni hayajakomaa na vipimo vyake hudanganya.

Saa 4 hadi 7. Kukata. Majani kadhaa hulazwa kwenye slaidi na kubanwa kwa slaidi ya pili, ambayo ukingo wake huongoza wembe. Kila ukikata, unairudisha nyuma kidogo sana. Vipande vingi vitakuwa vinene mno. Tafuta vile vichache ambavyo mwanga unapita. Wembe uwe mpya, butu huponda seli. Kioo chembamba cha kufunikia kishushwe kwa mshazari, la sivyo viputo vya hewa vitajaa. Chini ya hadubini, kwa ×400, hesabu unene wa jani: safu moja ya seli au mbili, na ukingo umepinda au umenyooka. Ukiruka hatua hii kwenye Grimmia, unabahatisha tu.

Kisha kapsuli. Kuzama kwake kati ya majani hakutoshi, maana zipo Grimmia za namna hiyo pia. Gusa kifuniko kwa sindano: kikitoka na nguzo ndogo ya katikati imeshikamana nacho, ni Schistidium. Nguzo ikibaki ndani, ni Grimmia.

Saa 9 alasiri, vipimo. Urefu wa ule unywele mweupe usiuamini peke yake. Juani hurefuka, kivulini hufupika, spishi ni ile ile. Pima mashina kadhaa.

Saa 10. Majina. Ya vigoga huanza kuhesabiwa na kazi ya Hedwig, mtaalamu wa vigoga, tarehe 1 Januari 1801, isipokuwa jamaa ya Sphagnum (vigoga vya maeneo oevu), inayoanzia kwa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Kinachoonekana kipya mara nyingi kilishapewa jina zamani, pengine zaidi ya mara moja, kwa hiyo lazima kilinganishwe na sampuli za asili za majina hayo, yaani zile ambazo majina yalipewa kwazo. Na ukikuta jina lenye "kilimandschar-" (Kilimanjaro kwa tahajia ya Kijerumani), usilisahihishe. Tahajia ya mwandishi wa kwanza hulindwa.

Kikiwa kipya kweli, kinahitaji maelezo kwa Kilatini au Kiingereza (Kiingereza kimekubaliwa tangu 2012), sampuli moja ya asili iliyotajwa wazi, na jina la hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) inakohifadhiwa. Hebaria ya taifa iko Arusha, kwa hiyo hakuna sababu ya sampuli pekee kuvuka bahari. Nakala zake ndizo zisafiri.

Saa 11 jioni. Kisicho na kapsuli, na ambacho majani yake hayakutosha kuamua, naandika "Grimmia sp." (spishi haijajulikana) kwa penseli na kukirudisha kwenye sanduku.