Nilivyokusanya kazi za Mama kabla hazijatawanyika

Mama alikuwa mchoraji hapa Arusha, na ada zetu za shule zilitoka kwenye picha zake. Wasifu uliosomwa siku ya mazishi ulitaja kuzaliwa, kipaimara, ndoa, watoto na ugonjwa, kisha ukamalizia: "Marehemu pia alipenda kuchora." Sentensi hiyo iliniuma. Nikaazimia kwamba kwenye ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, Desemba, ukoo wote ukiwa umepanda Uchagani, watu wazione kazi zenyewe, zikiwa na miaka yake, vipimo na majina ya waliozinunua.

Ushauri ulikuja wa kila aina. Zifute kwa mafuta ya taa zing'ae. Zipige vanishi. Wagawie watoto mapema, kila mmoja aondoke na zake. Niliukataa wote.

Mafuta ya taa hung'arisha siku chache tu, halafu hubaki utando unaonasa vumbi, na vumbi la kiangazi huku tunalijua. Vanishi nayo huwa ya njano kadiri miaka inavyokwenda, na ukitaka kuitoa kwa tineri utaondoka na rangi yenyewe. Kazi za mwanzo za Mama ni rangi ya mafuta ya kopo juu ya hadibodi, vifaa vilevile vilivyotumiwa na Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Hizo nilizipitishia brashi laini kavu, kisha pamba iliyoloweshwa na kukamuliwa sana, nikianzia kwenye kona. Pamba ikitoka na rangi badala ya uchafu, acha hapohapo. Za baadaye ni amerikani iliyowambwa kwenye fremu na kupakwa gundi ya mbao kabla ya rangi. Maji hayakuzigusa kabisa. Kitambaa kikilowa hujivuta, rangi iliyokwisha kukakamaa haiwezi kukifuata, nayo hubanduka vipande vipande.

Na tafadhali, hadibodi isisimamishwe juu ya sakafu ya saruji. Wakati wa masika sakafu hutoa unyevu, ukingo wa chini huvimba, rangi hupasuka kuanzia hapo. Weka vipande vya mbao chini, na uache nafasi ya kiganja kati ya picha na ukuta, hewa ipite na mchwa waonekane mapema.

Kazi iliyonipa raha kuliko zote ni kuzipiga picha. Rangi ya kopo huakisi kama kioo: ukitumia mwanga wa simu unapata doa jeupe katikati, ukitoka juani unaona shati lako juu ya twiga. Mafundi picha waliniambia haiwezekani bila taa za studio. Inawezekana. Nilisimamisha kila picha barazani, kwenye kivuli, asubuhi yenye mawingu, mwanga ukiingia kutoka pande mbili. Simu ilikaa kwenye stendi, lenzi ikiwa usawa wa katikati ya picha. Kisha nikatundika shuka kubwa jeusi likiikabili picha, nikalitoboa tundu la lenzi, nami nikakaa nyuma yake. Rangi inayong'aa huonyesha kilicho mbele yake. Ikitazamana na weusi haina cha kuonyesha, na rangi alizochanganya Mama zikatoka zilivyo. Pembeni niliweka karatasi nyeupe ili kusahihisha rangi baadaye, na futi kwa ajili ya kipimo. Halafu nikageuza, nikapiga na mgongo.

Migongo ndiyo iliyonipa miaka. Mama hakuwa na desturi ya kuandika tarehe, lakini aliandika namba ya kupigiwa na mteja. Picha yenye namba inayoanza na 057 ni ya zamani, enzi hiyo simu za mezani za Arusha zilianza hivyo. Yenye 027 ni ya baada ya namba hizo kubadilishwa. Kisha zinafuata zenye namba za simu ya mkononi, 0744, halafu 0754. Penseli iliyofifia niliisoma gizani kwa tochi iliyolazwa pembeni kabisa, mwanga ukiteleza juu ya ubao, na kila mkwaruzo ukatoa kivuli chake. Zilipopangwa kwa makundi hayo, niliona jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisema nyumbani: tembo na twiga wa watalii wanapungua taratibu, na wanawake wa soko la Kiboriloni wanachukua nafasi yao, hadi mwishoni Kibo yenyewe imebaki mstari mwembamba nyuma ya mikungu ya ndizi.

Wazee nao wana njia yao ya kuulizwa. Ukisema, "Mama alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa mkarimu, mcha Mungu, basi. Mpe picha mkononi uulize ndizi hizi ni za aina gani, kanga hii ilikuwa ya nani. Mama mdogo aliishika moja akasema, "Huyu mwenye mkungu ni bibi yako, mwanangu. Aligoma kukaa, ndiyo maana amechorwa akitembea."

Wenye picha nje ya familia niliwaomba ruhusa ya kupiga picha, sikuomba warudishe chochote. Ukianza na kurudisha, milango inafungwa.

Kwenda Moshi tulikodi Noah, kwa laki na kitu. Picha zilisimama wima, uso kwa uso, vipande vya boksi vikizitenganisha kwenye kona tu. Nailoni isiguse rangi; gari likipata joto inaganda nayo. Uwanjani tulisimika mirunda, tukatundika kwa ndoano za waya, katikati ya kila picha ikiwa kama sentimeta 150 kutoka chini. Turubai liwe jeupe. Chini ya turubai la bluu, ngozi za watu wote kwenye picha hugeuka kijivu.

Kuhusu kugawana, orodha ya picha zote kwanza. Orodha ile iliingia kwenye faili la mirathi pamoja na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, na mpaka msimamizi alipoteuliwa na mahakama hakuna picha iliyotoka. Wageni kadhaa walitaka kununua palepale. Niliandika majina yao na namba ya picha. Mmoja alitaka pia kuichapisha kwenye fulana. Nilimweleza kwamba kununua picha hakumpi haki ya kuinakili, na kwamba kwa sheria ya hakimiliki ya 1999 haki hiyo inabaki kwa warithi miaka 50 baada ya kifo. Akitaka fulana, aje na barua tukae tuelewane bei.