Debe la ukutani

"Kocha, hili debe?" Ndio swali la kwanza nililoulizwa siku tuliyofunga kile kishikio kikubwa cha plastiki kwenye ukuta wetu wa mchezo wa kupanda, na kijana mwenyewe ashakigonga ngumi kimelia ndu! ukumbi mzima umegeuka. Nikamwambia debe ni lako wewe, panda. Lakini moyoni nlikuwa naogopa, maana nlikileta mwenyewe kwa tuktuk kutoka Majengo hadi Tudor, hapa hapa Mombasa, kikubwa kama sinia ya biriani, na njia nzima nimekishika kwa mkono mmoja na simu mkono wa pili. Kitu chepesi hivyo mtu mzima aning'inie?

Wale hamjafika kwetu, ukuta wenyewe ni plaiwudi ya milimita 18 juu ya fremu ya mbao, kila sentimita 20 tundu, nyuma ya kila tundu kuna nati yenye meno imegongwa ikauma mbao. Waja na kishikio chako, waingiza bolti ya M10, yaani ya unene wa milimita 10, wakaza, basi. Ukichoka na njia hiyo wafungua wahamisha.

Sasa vishikio vya kawaida ni vizito kwa sababu ni kitu kizima, hakuna uwazi ndani. Mtu huchonga umbo kwenye fomu, ile sponji ngumu, akamimina silikoni juu yake apate kalibu, halafu ndani ya kalibu ndio hutiwa rezini, plastiki ya maji inayoganda, zamani ilikuwa poliyesta sana, siku hizi poliyuretani imeshika soko kwa sababu ni nyepesi kiasi na haimeguki ovyo ukikaza bolti. Kile cha ukubwa wa ngumi hakina neno, hata kiwe kizito ni gramu tu. Shida yaanza ukitaka yale makubwa, kama yale madude tuliyoyaona kwenye TV michezo ya Olimpiki ya Tokyo 2021, ndio mwaka huo mchezo wa kupanda uliingia Olimpiki mara ya kwanza, watu wanakumbatia mabonge makubwa kuliko wao. Ukilimimina bonge kama hilo zima zima ni nani atalipandisha ngazi? Mimi mgongo ninao mmoja.

Na kuna habari ya kusafirisha. Kuna jamaa alitutumia sanduku la vishikio vilivyotumika kutoka Ulaya, zawadi, Mungu amlipe, lakini zawadi ya kilo arubaini ina bili yake, na mimi niliyekua naona meli zikiingia kila asubuhi pale Likoni ndio siku hiyo nikajua kukaa karibu na bandari hakukupunguzii hata shilingi.

Basi nikaenda kwa ami yangu. Yeye yuwafanya mabango ya maduka, zile herufi zilizofura zenye taa ndani, na herufi hizo ukiziangalia vizuri ni ganda tu. Shiti ya plastiki yatiwa kwenye oveni mpaka inalegea kama kitambaa kilorowa, yalazwa juu ya kalibu, mashine yanyonya hewa iliyoko chini, na hewa ya juu yaishindilia shiti kwenye kalibu. Watu hudhani ni kule kunyonya ndio kwafanya kazi, kumbe ni uzito wa hewa yenyewe hii tunayotembea ndani yake, karibu tani kumi kwa kila mita moja ya mraba. Ikipoa waikata kingo, umemaliza.

"Ami, nataka kitu kama hiki lakini kibebe mtu."

"Mwanangu, mimi nafanya herufi za maduka ya simu."

Lakini alikubali. Nlimchongea kalibu ya mbao ya mwembe, umbo la nusu ya dafu, akatoa shiti ya ABS, aina ya plastiki ngumu, ya milimita 4. Ya kwanza ilitoka na mapovu mwili mzima kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Nikadhani oveni imezidi moto. Ami akacheka, akasema plastiki hii hunywa maji, yaani hewa yetu ya hapa iliyojaa unyevu huingia ndani ya shiti bila wewe kuona, halafu ukiipiga moto wa digrii 160 hivi yale maji yatoka kwa mvuke, ndio mapovu. Dawa ni kuikausha kwanza kwa digrii 80 masaa kadhaa, polepole, kisha ndio uipandishe moto wa kufinyanga. Mimi nshawahi kulaumu unyevu wa Mombasa kwa kutu ya baiskeli na mikate kuota ukungu, hili la plastiki sikuwa nalo.

Ya pili ilitoka safi. Nikaifunga ukutani kwa drili, krak! Ufa kutoka kwenye bolti hadi ukingoni.

Hapa ndio pana kisa chenyewe, na ningependa mtu angenambia mapema. Shiti ikivutwa haiongezeki, yatandazwa tu. Duara ukiligeuza nusu ya mpira, eneo lake la juu lawa mara mbili kamili ya duara ulilotoka nalo, kwa hivyo milimita 4 zako sasa ni 2 kwa wastani, na wastani ni muongo. Pale shiti ilipogusa kalibu kwanza, yaani kichwani, yapoa haraka na yabaki nene. Sehemu iliyovutwa mwisho, kule chini karibu na ukingo, ndio yabaki kama karatasi. Sasa wewe unakaza bolti kichwani, chini yake ni uwazi mtupu, ganda lote laminywa kuelekea ukutani na nguvu yote yaenda kutua pale palipo pembamba. Lazima lipasuke. Na hapo hata mtu hajapanda.

Tulichofanya ni rahisi mpaka naona haya kusema tulichukua wiki tatu kukifikiria. Tulikata kipande cha bomba la chuma urefu sawasawa na kina cha ganda, tukakisimamisha ndani, bolti yapita katikati yake. Juu yake pete bapa ya chuma, ile washa, tena pana. Sasa ukikaza, bolti yaminya bomba na bomba laminya plaiwudi, ganda lenyewe limeshikwa tu, halibanwi. Ukingoni tukaacha mdomo bapa wa kutosha skrubu sita za mbao, hizo ndio zazuia lisizunguke mtu akilivuta kwa pembeni. Kwenye lile pembamba tukatandika ndani faibaglasi matabaka mawili. Uzani ukaongezeka, ndio, lakini bado nalibeba kwa mkono mmoja.

Kuhusu kushika. ABS ikitoka kwenye kalibu yateleza kama samaki, na mikono yetu huku ni ya jasho tupu, chaki tunayojipaka viganjani yaisha kabla hujafika juu. Nlitaka mchanga wa Nyali wa bure, ami akakataa, umejaa magamba na chumvi, wasagika chini ya vidole. Tukanunua ule wa silika unaotiwa kwenye vichujio vya swimingi puli, tukauchekecha tukachukua ule laini. Vipande vya ABS vilivyobaki tukaviyeyusha kwenye asetoni vikawa uji, tukapaka uji huo juu ya ganda, tukanyunyiza mchanga kabla haujakauka. Asetoni yalainisha ganda lenyewe kidogo kwa hivyo mchanga wauma, haukai juu juu kama rangi. Fanyeni nje lakini, ile harufu si ya kuchezea.

Je, ndio tutaacha rezini? Hapana. Vile vidogo vya kushika kwa ncha za vidole nimejaribu viwili kwa plastiki hii na nimevitupa, kona kali haitoki, shiti yazunguka kona kama shuka juu ya godoro, halafu huwezi kufanya tumbo la kuingia ndani kwa sababu ganda litakwama kwenye kalibu. Ukuta wa kwanza wa ndani unaotajwa sana, ule wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1964, Don Robinson alichomeka mawe kwenye ukuta wa korido, mawe kabisa. Na sisi tuliokulia Mji wa Kale tukiparamia kuta za matumbawe twajua kidole kinataka nini, chataka kitu kinachokikwaruza. Plastiki nyepesi ni ya yale mabonge ya kukumbatia na kusimamia, huko ndiko yakupa raha.

Tumeshafunga matano. Kelele ndio ilikuwa imebaki, kila mguu ukitua ndu, ndu, mwalimu wa madrasa ya jirani akaja kuuliza kwa adabu kama twapiga ngoma. Tukayajaza vipande vya godoro kuukuu, yakanyamaza. Jumamosi yule kijana akagonga lile la kwanza kwa ngumi, akasubiri, akanitazama. "Kocha, mbona mmeliharibu?"