Njano ya mtoto, sikuiona kwa sababu ya mwanga wa balbu

Siku ya tatu baada ya kujifungua tulikuwa tushafika nyumbani Pipeline hapa Nairobi, na wenye mnaijua mnajua vile ploti zimebanana, mchana lazima uwashe stima. Nilikuwa namnyonyesha chini ya balbu na nilimuona tu sawa. Ni mama mkwe alimbeba mpaka kwa ngazi penye kuna mwanga, akamfungua jicho, akaniita. Jicho lote njano. Kwa ngozi yetu usitegemee uso, angalia macho, ufizi na nyayo, na uangalie mchana.

Mama mkwe akasema tumuanike jua la asubuhi. Nikamuomba twende hospitali kwanza, na namshukuru alikubali, juu damu ilipopimwa bilirubini, ile rangi ya njano kwa damu, ilikuwa imepanda sana, mtoi akalazwa chini ya taa za bluu siku mbili, macho yamefunikwa.

Nesi alinieleza polepole. Mtoto huzaliwa na chembe nyekundu za damu nyingi, zikivunjika zinaacha hiyo bilirubini, na ini lake bado changa haliwezi kuitoa haraka. (Watu huita homa ya manjano lakini hiyo ni ingine kabisa, ya mbu.) Katika watoto 10 waliozaliwa miezi tisa ikiwa imetimia, kama 6 hivi hugeuka njano wiki ya kwanza na wengi hupona wakinyonya vizuri, mara 8 hadi 12 kwa siku, juu inatoka na choo. Ikizidi sana ndio inaingia kwa ubongo, mtoto anaweza kuwa kiziwi au ashindwe kutembea. Hapo nililia.

Na mama mkwe hakuwa amekosea yote. Hata hizo taa zilianzia kwa jua, miaka ya 1950 kule Uingereza, muuguzi wa hospitali ya Rochford aliona watoto anaowatoa nje njano inapungua. Lakini jua huwezi kulipima, na mtoto uchi asubuhi ya Julai hapa Nairobi atashikwa na baridi bure huku siku zinaenda.

Pia zile nguo za mtoto ulizoweka kwa sanduku na vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, tafadhali usimvalishe, kuna watoto wamezaliwa na damu ambayo hiyo harufu inaivunja kwa kasi.

Njano ikitokea kabla masaa 24 yaishe, au mtoto analala tu na hataki titi, au choo chake ni cheupe, enda hata kama ni saa nane usiku.