Wiki ya matanga Brisbane

Jumatano, 18 Oktoba 2023

Siku ya nne leo, na Anti bado anakunywa chai yake nje peke yake.

Tunafanya kazi pamoja kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wote tunamwita Anti. Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, ndio watu wake, nao huwaita hivyo kina mama wao watu wazima kwa heshima, na mdomoni mwangu jina hilo halikuwa geni.

Jumamosi tuliulizwa kwa kura ya maoni kama katiba ya Australia iwatambue Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait kwa kuwapa Sauti, chombo cha kulishauri bunge na serikali kuhusu mambo yao. Asilimia 60 wakakataa. Hakuna jimbo hata moja lililokubali, na hapa Queensland waliokataa walifika 68. Palm Island, kwa ndugu zake Anti, wengi walipiga ndiyo.

Viongozi wao wakaomba wiki ya kunyamaza, bendera zao nusu mlingoti. Mimi nikaelewa papo hapo: wameweka matanga. Lakini kazini watu wanamwandama na maswali: kampeni iliharibika wapi, mbona hata Waaborijini wengine walipinga? Kwetu mfiwa hapiki, hachoti maji, wala habishani na mtu.

Nami nilikosea. Jumatatu nilimfuata kwenye korido nikamwambia mimi nilipiga ndiyo, na kwamba nimeumia sana. Akanishika mkono, akanibembeleza. Nikaondoka pale nimefarijiwa na mfiwa.

Leo nimetandika vitanda vyake viwili, nikachemsha chai, nikaenda kukaa naye ngazini. Sikusema kitu. Baada ya muda mrefu akaniambia halali vizuri. Asubuhi akiwa kwenye treni anajikuta akihesabu watu: kila kumi, karibu saba. Alikuwa mtoto mdogo mwaka 1967, taifa lilipopiga ndiyo kwa zaidi ya asilimia 90 na watu wake wakaanza kuhesabiwa kwenye sensa. Mama yake alikuwa akiisimulia siku ile hadi anakufa.

Nilimuuliza kama ana mtu wa kuzungumza naye usiku. Akasema anapiga 13YARN, simu ya msaada kwa walio na dhiki ya moyo. Wanaopokea ni Waaborijini na watu wa Torres Strait wenyewe, saa 24, kwa hiyo haanzi kwa kujieleza yeye ni nani. Nilishukuru kusikia hivyo.

Kengele ya chumba namba 9 ikalia. Akataka kuinuka. Nikamwambia kaa, Anti, nakwenda mimi.