Samaki aliyelala chali

Jumapili usiku. Mikono bado inanuka ngisi, ingawa nimeinawa kwa limau mara mbili.

Niko Ushongo kwa mjomba tangu Ijumaa. Mwaka huu nilijiapiza kwamba kila nikipata siku tatu mfululizo nitakuja Pangani badala ya kubaki Dar nikilalamikia foleni, na hii ni mara ya pili tu. Alfajiri tuliingia majini watatu: mimi, mjomba, na mwanawe wa mwisho, ambaye mbele ya baba yake ananiita kaka, na tukiwa wenyewe ananiita mtu wa Dar.

Kaskazi ilikuwa haijaamka vizuri. Kwa mbali Maziwe ilionekana kama uzi mweupe, kile kisiwa cha mchanga kinachofunikwa kabisa maji yakijaa. Wazee wanasema zamani kilikuwa na mivinje. Siku hizi ni hifadhi, hakuna kuvua kule, na mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishiwa ufukweni kwetu yasije yakazama. Sisi tulitia nanga mbali nacho, kwenye mwamba ambao mjomba anaupata kwa kulinganisha minazi miwili na kilima kilicho nyuma yake. Kasa mmoja aliibuka, akavuta pumzi, akazama. Mjomba akasema, "Leo tutapata wageni." Sikumwelewa.

Kama saa moja na nusu hivi mshipi wangu ukadonolewa, kisha ukaenda. Changu humjua kwa kutikisa kichwa. Huyu alikimbia upande kwa mkazo mmoja, kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu jikoni. Nikampandisha. Mwembamba, anazidi kidogo urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, rangi ya moshi, na ubavuni mstari mweusi unaopita jichoni hadi mkiani, umepakana na weupe juu na chini. Akachomoka kwenye ndoana, akaanguka ndani ya ngalawa, akajipiga mara mbili, akatulia tuli. Samaki wengine hupiga mkia mpaka wachoke. Huyu alikuwa kama amepigiliwa misumari.

"Songoro!" nikasema. "Mtoto wa songoro huyu!"

Wala sikubahatisha. Songoro mkubwa hufika hata mita mbili, ila akiwa mdogo ana mistari hiyohiyo myeusi na myeupe, kichwa bapa hichohicho, mwili uleule mrefu. Nikatoa simu, nikampiga picha nne. Mjomba alikuwa anatia chambo, hakugeuka.

Kilichonisumbua kidogo ni mdomo. Taya la juu lilikuwa limetokeza kupita la chini. Halafu karibu na kichwa, mgongoni, palikuwa na vipezi viwili vilivyokaa sambamba, kimoja kushoto na kimoja kulia. Sijapata kuona samaki mwenye vipezi vya jozi mgongoni. Niliviona kabisa, nikajiambia labda ni kwa sababu bado mdogo. Hapo ndipo ninapojicheka mpaka sasa: jina nilikuwa nalo tayari mkononi, basi nikawa namlazimisha samaki alingane nalo.

Binamu hakuweza kujizuia. "Kaka, unampiga picha tumbo."

Nikainama tena. Kweli. Alikuwa amelala chali, amegandia ubao wa ngalawa kwa utosi. Taya lililotokeza ni la chini. Vipezi vya jozi ni vya tumboni. Tumbo lake jeusi sawa na mgongo, na pezi refu la chini linafanana na la juu, kwa hiyo ukimpindua hubaki na sura ileile. Nikamshika mkia nimng'oe. Hakung'oka. Nikavuta kwa nguvu, ngalawa ikayumba, yeye yupo palepale.

"Huyo chazo," mjomba akasema, sasa amegeuka. "Ukimvuta nyuma ndiyo anazidi kushika. Msukume mbele, anakokwenda."

Akamsukuma kwa kidole gumba, taratibu, kama anayetelezesha kifuniko cha kisanduku cha dhumna. Akaachia mara moja.

Nikakiona kichwa chake. Juu yake pana kitu kama soli ya kandambili: duara refu lenye ukingo laini, na ndani yake vibao vyembamba vilivyopangwa safu mbili kama luva za dirisha. Nilihesabu jozi 23. Ukipitisha kidole kuelekea mkiani ni laini. Ukirudisha kuelekea mdomoni ni msasa, kwa sababu kila kibao kina vijimiba vinavyoinamia nyuma. Papa au kasa akienda mbele, maji yanamsukuma chazo nyuma, na kadiri anavyosukumwa ndivyo anavyoshika. Mjomba akanibandika naye mkononi. Hauumi, ila unahisi ngozi inanyonywa kwa heshima.

Jioni, mtandao uliporudi, nilisoma mengine. Soli ile ni pezi la mgongoni. Chazo akiwa mchanga pezi hilo huanza nyuma ya kichwa, kisha husogea mbele huku miiba yake ikitandazika kuwa vibao. Na songoro wangu hakuwa mbali sana: wanasayansi wanawahesabu songoro, chazo na fulusi kuwa ndugu wa karibu. Songoro naye hupenda kufuatana na papa na taa, ila yeye hana cha kugandia. Jina la kitaalamu, Echeneis, ni la Kigiriki, maana yake mshika meli. Plinius, yule Mroma, aliandika kwamba chazo ndiye aliyeizuia meli ya Antonius katika vita vya Actium. Nimekiweka kisingizio hicho akiba kwa siku nitakayochelewa kazini.

Ila hadithi ya mjomba ilinikaa zaidi. Alipokuwa mdogo babu alimweleza jinsi wavuvi wa kale walivyomfunga chazo kamba mkiani, wakamweka hai majini kando ya chombo, na wakimwona kasa wanamwachia. Chazo anakwenda kujibandika gambani, kamba inavutwa polepole, kasa anakuja. Ukivuta kwa pupa unabaki na mkia tu. Nilidhani ni chumvi za wazee, kumbe Frederic Holmwood, Mwingereza aliyekuwa katika ubalozi mdogo wa nchi yake Unguja, aliiandika kazi hiyohiyo ya wavuvi wa pwani yetu katika jarida la London mwaka 1884. Leo kasa analindwa na sheria, na binamu yangu ndiye mmoja wa vijana wanaohamisha mayai kutoka Maziwe. Alimsikiliza baba yake akisimulia bila kusema neno, akikumba maji kwa kidumu kilichokatwa, labda kwa bidii kuliko yalivyokuwamo.

Kwetu chazo haliwi. Mjomba akamrudisha, akazama chini yetu, tukaendelea na changu, tukapata saba na pono mmoja.

Tulipofika maji ya magoti nikaruka kusukuma ngalawa. Mkono wangu ukagusa kitu laini chini ya ubavu, kikasogea kidogo, kikatulia tena. Nikachungulia. Mstari mweusi, mweupe juu, mweupe chini.

"Mjomba, yule chazo tumekuja naye."

Hata hakutazama. Alikuwa anakunja tanga. "Mwambie ashuke," akasema. "Nauli hajalipa."